Ndoo Niliyoitoa Mstarini

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali, lakini hali yako naijua, kwani uko chumba cha pili unabishana na shangazi yako kuhusu begi. Yeye anataka uchukue blanketi zito, wewe unamwambia Dodoma si Ulaya. Nawasikia wote wawili na sitaki kuingilia. Nimeshaswali magharibi, umeme leo upo, nami nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, nimechomoa kurasa za katikati. Ukikuta hesabu zako za kidato cha pili upande wa nyuma, usinicheke, karatasi ndizo hizo.

Habari za chandarua, sabuni na vyeti nimemwachia shangazi yako Mwanaidi. Amekulea tangu ukiwa na miaka saba, na hiyo ni haki yake. Ameshakuonya mara nne usimkabidhi mtu begi pale stendi ya Masasi, na kesho asubuhi atakuonya tena. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na mitatu na nimeshindwa kulisema kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka wiki iliyopita tukila ming'oko, viazi vyetu vya porini, pale uani? Ulinieleza kwamba wenzako wa mwaka wa kwanza wameshafungua kundi kwenye simu hata kabla hamjaonana sura, na kwamba kuna watu wanakuomba ugombee uwakilishi wa darasa. Ukasema ukianzia hapo, mwaka wa pili utaingia serikali ya wanafunzi. Nilifurahi, sikatai. Ukaniomba nikupe siri, maana baba yako amekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji muda wote huo na watu bado wanampa kiti akipita. Nikakujibu kwa mzaha kwamba siri ni kuwa na sauti kubwa na kuchelewa mkutanoni kidogo ili watu wakutamani. Ukacheka. Halafu ukanisimulia habari ya Rehema.

Rehema ni yule rafiki yako wa sekondari kule Masasi, mliyelala naye kitanda kimoja cha juu na chini. Ulisema ulipokuwa dada mkuu, asubuhi moja wasichana kadhaa walichelewa mstarini, naye akiwamo. Ukaanza kuandika jina lake, juu ya wote, ili shule nzima ijue dada mkuu hana upendeleo. Wakafyeka uwanja mpaka saa nne. Baadaye ukaja kujua kwamba Rehema alikuwa na homa tangu jana yake, na hakukuambia neno. Ukanitazama, ukasema, "Nilifanya kama wewe ulivyofanya na ndoo ya mama."

Ulilisema kwa fahari, huku unanisogezea sahani. Mimi nikainuka nikasema naenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi tuliwauza mwaka juzi, Somoe. Nilikwenda nikasimama nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka uliponiita chai inapoa. Hukuuliza, nami nikashukuru kwamba hukuuliza, na shukrani hiyo ndiyo iliyonionyesha nilivyo mwoga.

Hadithi ya ndoo unaijua. Kila mtu hapa kijijini ameshakusimulia, na wengine huko Kitangari huisimulia kana kwamba walikuwapo: mwenyekiti alipiga marufuku ndoo zisizo na wenyewe, na siku ya kwanza ya sheria akaanza na ndoo ya mkewe. Watu huishia hapo. Nimewaacha waishie hapo miaka yote hii, nawe umekua nayo, ukaenda nayo shule, ukaitumia kwa Rehema. Kwa hiyo leo nakusimulia sehemu iliyobaki.

Wewe umeyakuta maji yakiwa karibu, na hata yakikatika hurudi. Hujui ilivyokuwa. Huku juu kwetu ardhi ni mchanga, mvua inanyesha na kuzama, na kisima cha kweli kiko bondeni, chini ya mteremko ule unaoogopa hata kuutazama. Wanawake walikuwa wakishuka alfajiri na kupanda jua likiwa limeshakolea, ndoo kichwani. Mashine ilipofungwa na bomba kufika kijijini, tulichinja. Lakini mashine ilikuwa inachoka, na mwezi kama huu wa Oktoba, mabibo yanapodondoka na visima vya mvua vya majumbani vimekauka, maji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki, tena kwa saa chache. Basi watu wakawa wanapanga ndoo mstarini tangu jioni ya siku iliyotangulia.

Hapo ndipo palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Ukiiweka ndoo yako mstarini, unaweza kuondoka. Unatia jiwe ndani isipeperuke, au unafunga kipande cha kanga kwenye mpini, au unachomeka tawi la mkorosho, unakwenda zako shamba, au kumwangalia mgonjwa. Mstari ukisogea, jirani wa nyuma anaisogeza ndoo yako kwa mguu. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivyo. Ndoo ilikuwa imesimama badala ya mtu, na ilisogezwa kwa heshima ya mtu.

Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu mbili: nilikuwa na sauti, na aliyekuwapo kabla yangu alihamia Tandahimba. Mama yako alinitania sana. Alinikuta siku moja nyuma ya nyumba nikijizoeza hotuba, akaniuliza, "Baba Somoe, sasa hao mbuzi wamekuelewa?" Nilikasirika, halafu nikacheka naye. Alikuwa hivyo, hasemi sana, na akisema anakugusa palepale. Watu wanasema umefanana naye sura. Wamekosea kidogo. Sura umechukua kwangu, pole; sauti ndiyo yake.

Malalamiko yalianza kuja. Kulikuwa na watu wanaopanga ndoo tano, sita, wanakwenda zao, na mwenye ndoo moja aliyesimama juani tangu asubuhi anakuta maji yamekwisha. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Nikaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Wanaume tulikaa mbele kwenye viti vya walimu, wanawake wakabanana nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Nakueleza hilo la madawati kwa sababu wakati ule sikuliona. Watu ambao kila siku ya maji walikuwa pale bombani ndio waliokuwa mbali na meza, na mimi, ambaye sikuwa nimejitwika ndoo tangu utoto, ndiye niliyekuwa na kalamu.

Mwenye duka akasimama akasema tusidanganyane, hata ndoo ya nyumbani kwa mwenyekiti huachwa pale peke yake. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, kilikuwa kicheko cha kawaida tu cha mkutanoni, lakini mimi kiliniingia. Nilihisi uso unaniwaka. Papo hapo nikatunga sheria: kuanzia siku ya maji inayofuata, ndoo isiyo na mtu nyuma yake itatolewa mstarini, iwe ya nani. Nikalisema hilo la mwisho kwa sauti yote. Wakapiga makofi.

Bi Salima alikuwa amenyoosha mkono kule nyuma. Unamkumbuka, yule bibi mwembamba aliyekuwa akikupa karanga, Mungu amrehemu. Alikuwa mjumbe wa kamati, mmoja wa wanawake wawili tuliowaweka ili waonekane wapo. Akasema, "Mwenyekiti, ndoo ni ntu. Ntu hatolewi kabla hajaulizwa yuko wapi." Nikamjibu, "Shikamoo bibi, muda umekwisha." Nikamwamkia ili nimnyamazishe, unaona? Shikamoo yangu haikuwa na heshima yoyote ndani yake. Akasema marahaba, akakaa.

Siku ya maji ikafika. Nilivaa shati jeupe. Nilipofika bombani watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na wanaume walikuja, ambao huwa hawaji, kwa kuwa walitaka kuona. Ndoo zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na barabara. Nikaanza kupita mstarini, naita, nani yuko na hii? Nani yuko na hii? Nikafika kwenye ndoo ya bluu, ndani ina jiwe, mpini umefungwa waya kwa sababu ulikuwa umekatika. Waya ule niliufunga mimi kwa koleo langu siku chache kabla, mama yako akiwa ameishika ndoo kwa magoti isizunguke.

Nilikuwa nimeijua tangu iko mbali. Nataka ulisome vizuri neno hilo. Nilikuwa na nafasi ya kupita. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza jirani wa nyuma, aliyekuwa binti mdogo wa watu, mwenye ndoo hii amekwenda wapi, naye angenijibu, maana mama yako alikuwa amemwambia. Alikuwa amekwenda zahanati. Ilikuwa siku yake ya kliniki, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi mumewe nilikuwa nimesahau ni siku gani.

Sikuuliza. Nikaita kwa nguvu, nani yuko na hii? Kimya. Kila mtu aliijua ndoo ile. Nikaiinua, nikamwaga jiwe, nikaifudikiza pembeni kwenye mchanga. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Huyo sasa ndiye mwenyekiti." Somoe, nilijisikia vizuri. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka labda moyo uliniuma hata kidogo, na sikumbuki. Nilijisikia vizuri kiasi cha kutembea kwa mwendo mwingine. Nikatoa ndoo nyingine tatu, na hizo hazikunigharimu kitu. Halafu nikaenda kijiweni kunywa kahawa ili watu wanisifu vizuri.

Sasa hii ndiyo sehemu usiyoijua. Wewe umeambiwa mama yako aliteleza kwenye mteremko siku ambayo bomba liliharibika. Nilikuambia mimi, ukiwa mdogo, na shangazi yako akaniachia. Bomba halikuharibika. Siku ile ya ndoo na siku ile ya mteremko ni siku moja.

Alirudi kutoka zahanati saa sita, akaikuta ndoo imefudikizwa na maji yamefungwa. Wanawake walimweleza. Wanasema aliipangusa mchanga kwa kanga yake, akaitazama ndoo ya yule binti iliyojaa. Binti akataka kumgawia nusu, akakataa. Nyumbani hapakuwa na tone, na wewe ulikuwa na vipele vya joto vilivyotakiwa kuoshwa. Akashuka bondeni na wengine wawili. Kushuka alishuka salama. Alipokuwa akipanda, pale kwenye kona ya mawe, mguu uliteleza akaangukia tumbo, na ndoo ikamwangukia mgongoni.

Walinikuta kijiweni. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, hivyo ndivyo tulivyobebana wakati ule, mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa jioni ile akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume. Nilimzika mimi na watu wanne, wewe ukiwa kwa jirani unacheza. Mama yako akaishi siku tatu.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, alifumbua macho akanikuta nimekaa pembeni ya kitanda. Uso wake ulikuwa umepungua. Hakuniuliza juu ya mtoto, alikuwa ameshajua. Akaniuliza, "Baba Somoe, uliijua?"

Nikamwambia, "Sikuijua."

Nikadhani ameamini, nikaanza kueleza kwamba ndoo zilikuwa nyingi, jua lilikuwa kali, nilikuwa natazama mstari na sikutazama ndoo. Niliongea sana. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, bila hasira, "Waya ulifunga mwenyewe." Akageuza uso. Baada ya muda akauliza kama umekula. Nikasema umekula. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki, na hatukuzungumza tena jambo lolote la maana kati ya maneno hayo na kifo chake.

Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Yangu hayakusubiri kuwa mjukuu, yalizaliwa pacha na kosa lenyewe siku ileile. Nilimuua? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na shangazi yako, niliyemweleza peke yake, huniambia ajali ni ya Mungu. Nakubali ajali ni ya Mungu. Lakini mkono ulioiinua ndoo ulikuwa wangu, na uongo wa hospitali haukuwa ajali.

Baada ya arobaini nilitaka kujiuzulu. Nilikwenda kwa Bi Salima kumwachia daftari la kamati. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Akasema nikiacha sasa nitakuwa nimeivunja nyumba na kuikimbia, niende nikakae bombani. Sikumwelewa. Nikauliza nikafanye nini. Akasema, "Nkae tu. Nsikilize." Basi nikawa naenda, kila siku ya maji, nakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa kama mwanamke yeyote. Wiki za kwanza hawakuzungumza nami. Walisogeza ndoo zao kunizunguka. Kuna aliyenitemea mate karibu na mguu, na sikumlaumu.

Kisha wakaanza kusema, kidogo kidogo, wala si kwangu, bali wao kwa wao huku mimi nikiwapo. Nikajifunza kwamba ndoo yenye kitambaa chekundu mwenyewe ananyonyesha mapacha. Ile yenye tawi, mama mkwe wake hawezi kugeuka kitandani. Nikajifunza pia kwamba kulikuwa na wezi kweli: ndoo saba zenye vitambaa saba tofauti zilikuwa zote za yule yule mwenye duka aliyesimama mkutanoni kunisema. Wanawake walilijua hilo siku zote. Hakuna aliyewauliza. Tukaitunga sheria upya, safari hii tukiwa tumekaa pale pale mchangani, na ilikuwa ya maneno machache: ndoo isiyo na mtu, ulizeni majirani zake, wa mbele na wa nyuma. Wakiijua, inasogezwa. Wasipoijua, inatolewa. Bi Salima alikuwa na maneno hayo mkononi siku ile aliponyoosha mkono. Ningemsikiliza, yangechukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai.

Sheria hiyo imedumu, na ndiyo watu wanayoniheshimu kwayo bila kujua. Wanadhani wananiheshimu kwa ile ya kwanza.

Umeniomba siri ya uongozi, na hii ndiyo niliyonayo, sina nyingine. Mtu akitaka kuonyesha kwamba hana upendeleo, humtafuta yule ambaye hatamgombeza. Mimi nisingethubutu kuanza na ndoo ya mwenye duka. Angenitukana mbele za watu. Nilianza na mama yako kwa kuwa nilijua atanyamaza. Wewe ulianza na Rehema. Hukuanza na yule binti wa mkuu wa wilaya uliyekuwa ukinisimulia, ambaye naye alichelewa, sivyo? Tuliuita huo uadilifu, mimi na wewe. Kumbe tulikuwa tunatumia pendo la mtu kununulia makofi. Sikulaumu, mwanangu. Ulijifunza kwangu, kutoka kwenye hadithi niliyoiacha ipite nusu.

Huko chuoni utapewa nafasi, naijua sauti yako. Sisemi usiitake. Ukubwa jaa, watakutupia kila takataka na utapokea, na utakosea, hakuna kiongozi asiyekosea. Ninachokuogopea si kosa. Kosa la ndoo, naamini mama yako angenisamehe. Alikuwa mwepesi wa kusamehe na nilimkosea mengi kabla ya hapo. Ila aliponiuliza, alikuwa ananipa nafasi. Aliniuliza swali ambalo jibu lake analo, na alitaka tu kulisikia kwangu ili aweze kunisamehe kabla hajaondoka. Mimi nikadhani ananihukumu, nikajitetea. Watakuja watu kukuuliza hivyo. Wengine watauliza kwa ukali, wengine kwa upole, na mara nyingi watakuwa wanakupa nafasi moja tu. Sijui nikufundishe vipi kuitambua. Mimi ilinipita nikiwa nimekaa mkono mmoja kutoka usoni pake.

Na Rehema yuko wapi siku hizi? Ulisema anasoma ualimu huko Mtwara. Sina la kuongeza hapo, wewe ni mtu mzima.

Nimesikia mlango, shangazi yako ameshinda, blanketi linaingia kwenye begi. Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako juu kabisa, na nitakuomba usikifungue mpaka basi lipite Masasi. Nimechagua hivyo kwa woga, nakiri. Nikikupa hapa utanitazama, na sijui nitafanya nini na macho yangu. Kesho kwenye stendi ya hapa kwetu nitakushika mkono, nitakuombea dua, nitakuambia ukifika upige simu, kama baba yeyote. Utadhani ni mtu yule yule uliyemjua. Nisamehe kwa hilo pia.

Ukishasoma, huenda usitake kupiga. Huenda ukakaa muhula mzima. Huenda likizo ukaenda kwa watu wengine, na wakiniuliza nitasema umebanwa na masomo. Nitaumia, nitaumia sana, hata sijui jioni za nyumba hii zitapitaje, lakini sitakulaumu wala sitamtuma shangazi yako akubembeleze. Umenyang'anywa mama ukiwa na miaka saba, ukapewa hadithi nzuri badala yake, na sasa nakunyang'anya na hadithi.

Nakuomba kitu kimoja tu, ukiweza, siku utakayoweza, hata kama ni mwaka wa tatu. Nipigie, na usinisalimie. Niulize kama alivyoniuliza, kwa sauti hiyo uliyochukua kwake. Sema, "Baba, uliijua?" Kisha nyamaza unisikilize. Nimekuwa na jibu lake tangu siku ile, na hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumpa.

Baba yako.